Usianze na Msasa: Maneno kwa Madereva na Mafundi wa Arusha

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, hamjambo. Madereva mlioingia mjini jana usiku kutoka Serengeti, na leo asubuhi mmekuja kukaa kwenye viti hivi vya plastiki badala ya kulala, nawashukuru kipekee. Nanyi vijana mnaojifunza ufundi, sogeeni mbele, maana mengi ya leo ni ya kutazama.

Nimepewa jambo moja la kuzungumzia: mikwaruzo ya plastiki za ndani ya gari. Nimesikia mnong'ono huko nyuma, kwamba tangu asubuhi tumeongea breki na shokapu, sasa plastiki inaingiaje? Inaingia hivi. Mgeni anayeshuka uwanja wa ndege wa KIA hafungui boneti. Anafungua mlango. Anaweka mkono juu ya paneli, anatazama dashibodi, anatafuta pa kuweka chupa ya maji, na ndani ya gari hilo atakaa siku nzima kwa siku kadhaa mfululizo. Akiona mlango umechorwachorwa mistari myeupe, wazo linalomjia ni moja tu: kama hapa wameshindwa kupatunza, huko chini nisikokuona kukoje? Na mnunuzi wa gari lililotumika, hata akiwa Mtanzania mwenzetu anayejua injini, anaanza kupunguza bei kwa hayohayo anayoyaona.

Lakini si hilo linaloniuma zaidi. Kinachoniuma ni kwamba kazi nyingi ninazoletewa hazikuharibiwa na mkwaruzo, zimeharibiwa na matengenezo. Mtu alikuwa na mstari mmoja mweupe, mrefu kama kidole. Akanunua msasa. Sasa ana doa linalong'aa, pana kuliko kiganja, katikati ya paneli ambayo kwingine kote ina vipele vidogo kama vya ngozi. Mkwaruzo ulikuwa unaponyeka. Doa lile haliponyeki kirahisi.

Kwa hiyo neno langu la leo ni hili: plastiki ikikwaruzwa, sehemu kubwa yake bado ipo palepale. Imelazwa, imevutwa, imesukumwa pembeni. Kazi ya fundi ni kuirudisha. Anayeanza na msasa anaondoa kile ambacho angekirudisha.

Tuijue kwanza yenyewe. Plastiki nyingi za milango, za nguzo na za buti ni polipropilini, kwa kifupi PP. Ni jamii moja na viti hivi mlivyokalia. Mwaka 1954 Giulio Natta wa Italia alifanikiwa kuitengeneza ikiwa na mpangilio wa molekuli unaoipa ugumu na ustahimilivu wa joto, na mwaka 1963 yeye na Karl Ziegler wa Ujerumani wakatunukiwa Nobel ya kemia. Watengenezaji wa magari wanaipenda kwa sababu ni nyepesi, ni ya bei ndogo, na kemikali nyingi haziiwezi. Hata masanduku ya betri hutengenezwa kwa PP. Shida yake ni kwamba uso wake ni laini. Ukucha mgumu unauchora.

Fungua paneli, igeuze, utaona herufi zimepigwa chapa kati ya alama mbili za mshale. Ikiandikwa PP, ndiyo hiyo. Ikiandikwa PP-T20, au PP-TD20, ina maana imechanganywa na unga wa talki asilimia 20, jiwe laini lilelile linalosagwa kutengeneza poda. Ikiandikwa ABS au PC+ABS, hiyo ni plastiki nyingine kabisa, na dawa yake ni nyingine. Ndugu zangu, nusu ya kazi hii ni kusoma herufi hizo kabla ya kugusa chochote. Hazihitaji mashine, hazihitaji mtandao, ni kugeuza paneli tu.

Wapo wanaochana kipande na kukitia kwenye ndoo ya maji: kikielea, wanasema ni PP, kikizama, ABS. Kwa PP tupu kipimo hicho ni sahihi, kwa sababu uzito wake ni gramu 0.9 hivi kwa sentimita moja ya ujazo. Lakini ile yenye talki asilimia 20 inafika gramu 1.04 hivi, inazama sawasawa na ABS, na fundi anadanganyika. Kama herufi hazipo, afadhali asetoni halisi, kile kiyeyushi cha majimaji: tone moja upande wa nyuma, mahali pasipoonekana. ABS itaanza kunata chini ya kidole. PP haitashtuka. Na hapohapo mjifunze kwamba asetoni na thina haziruhusiwi kamwe kugusa uso wa mbele wa ABS. Nimeona dashibodi nzuri ikiwa na alama za vidole vya mwoshaji, zimekauka humohumo kwenye plastiki.

Sasa, kwa nini mstari unakuwa mweupe wakati paneli ni ya kijivu au nyeusi? Vijana, hili ndilo swali la msingi. Rangi haijatoka. Kwenye plastiki ambayo haikupakwa rangi, rangi imechanganywa humo ndani mpaka nyuma. Kilichotokea ni kwamba kitu kigumu kimevuta uso, ndani yake pakafunguka vinyufa vidogo mno visivyoonekana kwa macho, chembe za talki zikaachana na plastiki iliyokuwa imezishika, na mwanga ukifika hapo unatawanyika. Mwanga uliotawanyika ndio weupe tunaouona. Juu ya hayo, vile vipele vya ngozi vimelala, hivyo mahali hapo panang'aa tofauti na jirani yake.

Ndiyo maana mafuta ya kung'arisha yanadanganya watu. Mguu mkavu ukichorwa na ukucha unaacha mstari mweupe. Ukipaka mafuta mstari unapotea, ukioga unarudi. Paneli nayo ni hivyohivyo. Mafuta yanajaza vinyufa, mwanga unapita vizuri, mteja anafurahi, analipa, anaondoka. Baada ya safari moja ya vumbi na kitambaa kimoja chenye maji, mstari uko palepale. Na sasa kuna tatizo jipya: mafuta mengi ya aina hiyo yana silikoni. Siku utakapotaka kupaka rangi hapo, rangi itajikusanya na kuacha vitundu, kwa sababu silikoni haikubali kitu kishike juu yake. Kwenye dashibodi yanaleta pia mng'ao kwenye kioo cha mbele, na jua la saa nane barabara ya Makuyuni mnalijua wenyewe. Dereva anayeona dashibodi yake kwenye kioo haoni vizuri ng'ombe anayevuka. Kuhusu mafuta ya taa na dizeli nitasema kwa kifupi tu: acheni. Plastiki inayanyonya, harufu inabaki na wageni, na hakuna rangi itakayoshika tena hapo.

Sasa tuje mezani. Hii ni paneli ya mlango wa nyuma wa Land Cruiser, ya kijivu, nyuma imeandikwa PP-T20. Mguu wa stendi ya kamera umeburutwa hapa, kutoka kwenye mfuko wa mlango mpaka karibu na kitasa. Kuna mstari mrefu wa juujuu, na hapa mwishoni kuna shimo ambalo ukucha unanasa.

Tumeisafisha kwanza. Brashi laini ya rangi kutoa vumbi kwenye vipele, kifyonza vumbi, halafu maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, mwisho spiriti ya isopropili iliyopunguzwa kwa maji. Ukikosea hapa, joto litazika uchafu ndani ya plastiki na hautatoka tena.

Chombo chetu ni blowa, ya hewa ya moto. Draya ya saluni ni ya kukausha nywele; PP inaanza kuyeyuka karibu na nyuzi 160, na draya nyingi hazifiki huko. Blowa inafika na kupita mbali, kwa hiyo hatari ya draya ni kupoteza muda, ya blowa ni kupoteza paneli. Naanza na moto wa chini. Mdomo wa blowa uko umbali wa kiganja changu kutoka kwenye uso. Mkono hausimami: unapita, unarudi, unatoka nje kidogo ya mkwaruzo kila upande ili joto lisikusanyike sehemu moja. Kwa muda hakuna kinachoonekana, na hapo ndipo subira inapokwisha na mtu anasogeza mdomo karibu. Usisogeze. Inama, tazama uso kwa ubavu, mwanga wa dirisha ukiwa mbele yako. Mnaona? Weupe umeanza kufifia kwenye ncha za mstari. Sasa unafuata katikati. Vipele vilivyolala vinainuka kidogo, maana plastiki iliyovutwa ikipata joto hujitahidi kurudi ilikokuwa. Na huu mng'ao wa unyevu unaoanza kutambaa juu ya uso ndio dalili ya kuondoa moto. Hapo hapo. Sekunde chache zaidi, vipele vyote vinazama na paneli inaanza kujipinda.

Nimeondoa. Sasa sigusi, sifuti, simwagii maji. Ipoe yenyewe. Kama mstari umebaki kwa mbali, nitarudia ikishapoa, kwa joto lilelile dogo.

Mahali ambapo vipele vimekufa kabisa, joto peke yake halitavifufua, kwa sababu vilitoka kwenye kalibu ya kiwandani, lile umbo la kumiminia plastiki. Hapo tunatumia kipande cha chapa. Unachukua silikoni ya sehemu mbili, ile wanayotumia madaktari wa meno kuchukua umbo la meno, unaikandamiza kwenye sehemu isiyoharibika ya paneli ileile, karibu na mkwaruzo kadiri inavyowezekana, kwa sababu vipele vya chini ya mlango havifanani na vya juu. Ikishaganda unaibandua, nayo imebeba sura ya ngozi kinyume. Unapasha joto mahali pa mkwaruzo mpaka mng'ao ule utokee, unaondoa moto, unakandamiza chapa kwa nguvu ya wastani, unaishikilia mpaka joto lipungue. Fundi mwenye vipande vya chapa vya magari yanayozunguka mji huu, amevihifadhi kwenye kopo na kila kimoja kimeandikwa jina la gari na sehemu, huyo ana mali. Vijana, anzeni kukusanya. Paneli zilizovunjika zinatupwa kila siku kwenye gereji za Unga Limited, na kila moja ina ngozi nzima upande mmoja.

Lile shimo la mwisho linahitaji kujazwa, na hapa ndipo watu wanapokimbilia supa gluu na puti ya bodi. PP haishiki gundi. Uso wake haukubali kulowana, gundi inakaa juu na inabanduka ikishakauka. PP hujazwa kwa PP. Geuza paneli, kata vipande vyembamba kwenye kingo za nyuma ambazo hazionekani na hazishiki klipu. Hiyo ndiyo plastiki yenye rangi ileile na talki ileile. Yeyusha kidogokidogo kwa chuma cha kulehemu cha mafundi redio, iunganike na iliyo chini, ijae na kupita uso kidogo. Ikipoa, kata ziada kwa wembe uliolala. Halafu joto, halafu chapa. Kwa ABS njia ni rahisi zaidi: vipande vya ABS ukiviloweka kwenye asetoni vinakuwa uji mzito, unajazia, unaacha ukauke vizuri, hata siku nzima au zaidi kama shimo ni la kina, maana asetoni iliyobaki ndani italegeza kazi yako.

Msasa una mahali pake, sijasema tuutupe. Unafaa kwenye plastiki laini iliyopakwa rangi, na kwenye mjazo kabla ya chapa. Ubaya ni kuufanya mlango wa kuingilia kazi.

Na kama baada ya yote haya rangi imekataa kufanana, paka rangi. Lakini kwa PP lazima utangulize praima ya plastiki, ile ya kufanya rangi ishike. Ukiiruka, mgeni wa kwanza mwenye pete ataibandua rangi kwa kuegemea tu. Puliza tabaka nyembamba nyingi, umbali wa sentimita 20 hadi 25, kila moja ikauke. Tabaka moja nene hujaza vipele na kukurudisha kwenye doa lilelile.

Plastiki nyeusi zinazong'aa kama kioo, zilizozunguka gia na redio kwenye magari mengi ya siku hizi, hazitaki moto kabisa. Huko ni kompaundi laini, ile dawa ya kung'arishia, kitambaa cha maikrofaiba, na mkono mwepesi. Na asilimia kubwa ya mikwaruzo yake inaletwa na kitambaa kikavu cha asubuhi. Vumbi la Ngorongoro na la nyanda za kusini mwa Serengeti limetokana kwa sehemu kubwa na majivu ya volkano. Ndani yake mna chembe za madini ngumu kuliko plastiki yoyote mliyonayo garini. Ukipangusa kavu, unasaga. Waambieni vijana wanaowaoshea magari: kwanza hewa au brashi, kisha kitambaa chenye maji, na kitambaa cha rimu kisije kikaingia ndani ya gari.

Sasa nisikilizwe vizuri. Popote penye maandishi ya SRS AIRBAG, iwe kwenye usukani, kwenye dashibodi upande wa abiria, kwenye nguzo za pembeni au kwenye kiti, hapo hapapashwi moto, hapajazwi, hapapakwi rangi, hapawekwi gundi. Kifuniko kile kimetengenezwa kichanike kwenye mstari maalumu, na eabegi, ule mfuko wa hewa wa kumkinga mtu wakati wa ajali, hujaa ndani ya sekunde 0.03 hivi. Ukikiimarisha kwa kujaza, au ukipaka tabaka ngumu juu yake, siku ya ajali kinaweza kuchelewa kufunguka au kurusha vipande usoni mwa mtu. Mkwaruzo wa hapo ama uvumiliwe ama kifuniko kibadilishwe kizima na anayeijua kazi hiyo. Na kabla ya kufungua paneli ya mlango au nguzo yenye eabegi, zima switi, toa waya hasi wa betri, subiri. Toyota wanaelekeza angalau sekunde 90, kwa sababu mfumo unabakiza umeme wa akiba. Sekunde 90 ni chache mno kulinganisha na uso wa mtu. Sitalegeza hapo hata mteja akilia.

Jingine la usalama: fanyieni kazi hii penye hewa. Ngozi ya dashibodi nyingi ni plastiki nyingine iitwayo PVC, na PVC ikizidishiwa moto hutoa gesi ya asidi inayochoma pua na mapafu. Ukisikia harufu kali, umeshazidisha.

Kwa wenzetu wa Moshi waliokuja, nawaonea huruma kwa sababu buti zenu zinapigwa kuliko zetu. Fimbo za kupandia mlima zina ncha za kabaidi ya tungsteni, na kitu hicho kinachana mwamba, sembuse PP. Kabla mizigo haijapakiwa pale Machame au Marangu, fimbo zifungwe pamoja na zivikwe vile vifuniko vya mpira. Wageni wengi wanavyo mfukoni. Turubai zito kwenye ukuta wa buti linagharimu kidogo kuliko kuniita mimi.

Mwisho ni hela, maana tunaishi kwa hii. Mwambieni mteja ukweli kabla ya kuwasha blowa. Mkwaruzo wa juujuu kwenye PP ya kijivu: utapotea, ni kazi ya muda mfupi. Wa kina: utapungua sana, lakini jicho la fundi litauona, na bei ni nyingine. Paneli iliyoliwa na jua mpaka imekuwa na unga juu: haitengenezeki kwa joto, itapasuka, hiyo atafutiwe iliyotumika yenye hali nzuri. Pigeni picha kabla, pigeni picha baada, mwanga uleule, pembe ileile. Na jaribuni kwanza mahali pasipoonekana, kila gari, hata kama jana mmefanya la aina hiyohiyo, kwa sababu paneli moja inaweza kuwa ilibadilishwa na haifanani na wenzake.

Kwenye paneli hii nimeacha mikwaruzo mingine ya juujuu upande wa chini, na kando kuna kipande cha ABS kwa ajili ya asetoni. Kijana wa kwanza aje ashike blowa, nami nitasimama pembeni yake. Wenye maswali waulize wakati yeye anapasha.